Kugawa kadi ya kumbukumbu ichukue nafasi ya diski za SCSI katika sampla za zamani

Sampla ni mashine ya muziki inayorekodi sauti halisi, iwe mpigo wa ngoma, sauti ya mwimbaji au kipande cha santuri, kisha kuicheza upya kwa kibodi au vibonye. Katika sampla za miaka ya 1980 na 1990 sauti hiyo hukaa kwenye RAM, na umeme ukizimwa hupotea yote. Ndiyo maana kila sampla ililazimika kuwa na mahali pa kuhifadhia kazi: kwanza flopi, baadaye diski ngumu iliyounganishwa kwa SCSI, kiwango cha kuunganisha diski na vifaa vingine kwa kebo. Diski hizo sasa zina umri wa zaidi ya miaka 25 na zinakufa moja baada ya nyingine. Njia iliyozoeleka ya kuziba pengo lake ni kadi ya SD iliyochomekwa kwenye adapta inayoijibu sampla kana kwamba yenyewe ni diski ya SCSI. Kufunga adapta ni kazi ya bisibisi na kebo moja. Kazi inayohitaji akili ni kuigawa kadi, kwa sababu kadi ya bei ya chini kabisa madukani leo ni kubwa mara nyingi kuliko diski yoyote ambayo wabunifu wa mashine hizi waliwahi kuifikiria.

Haja ya diski inaonekana mara moja ukipiga hesabu. Akai S1000, iliyotoka mwaka 1988, ilirekodi kwa biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango kilekile cha CD. Sauti ya chaneli moja kwa kiwango hicho hula baiti 88,200 kila sekunde, na ya stirio hula mara mbili. Flopi ya aina bora ya Akai ilibeba megabaiti 1.6, yaani sekunde kama 18 tu za sauti ya chaneli moja. Kumbukumbu ya mashine ikipanuliwa hadi megabaiti 32, kuijaza kunataka flopi 20, moja baada ya nyingine, huku mwanamuziki akisubiri. Kwenye jukwaa, hilo halivumiliki.

SCSI ilikuja kwa wakati wake. Kiwango chake cha kwanza kilipitishwa na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1986, mwaka uleule ambao Macintosh Plus ilitoka ikiwa na tundu la SCSI, na diski za aina hiyo zikajaa sokoni. Watengenezaji wa sampla hawakuhitaji kubuni chochote, walichukua kilichokuwepo. Emulator III ya E-mu (1987), K2000 ya Kurzweil (1991), ASR-10 ya Ensoniq (1992), MPC3000 (1994) na msururu wa S3000 wa Akai zote zilizungumza SCSI, nyingine tangu kiwandani na nyingine kwa bodi ya kuongezea. Waliokuwa na pesa walinunua diski ngumu, wengine wakatumia katriji za SyQuest au diski za Zip za megabaiti 100. Diski ya megabaiti 40 au 100 ilihesabiwa kuwa kubwa, na studio iliyokuwa na megabaiti 500 ilikuwa na ghala.

Leo diski hizo huanza kwa kelele, kisha kusita kuzunguka, kisha kimya. Vilainishi hukauka, mpira uliomo ndani hugeuka gundi na kunasa kichwa cha kusomea. Mpya hazitengenezwi, na za mitumba zina umri uleule wa ile iliyokufa. Programu za mashine nazo zimekwama zilipoachwa: E-mu ilinunuliwa na Creative mwaka 1993 na Ensoniq mwaka 1998, na hakuna atakayeandika toleo jipya la kuiwezesha ASR-10 kuelewa diski ya gigabaiti 32. Kwa hiyo kadi ndiyo inayopaswa kujifanya ndogo. Sampla haibadiliki.

Ukubwa ambao sampla inaweza kuutumia hubanwa na mambo matatu, na kuyatofautisha humwokolea mtu siku nzima ya kubahatisha.

La kwanza ni amri za SCSI zenyewe. Diski ya SCSI haijui faili wala folda. Inajua sekta zilizopewa namba kuanzia sifuri, kila moja kwa kawaida baiti 512. Sampla huomba sekta fulani, diski huzileta. Amri ya zamani ya kusoma ina urefu wa baiti 6, na ndani yake namba ya sekta imepewa nafasi ya biti 21. Biti 21 huhesabu sekta 2,097,152 na haziendi zaidi. Zidisha kwa 512 na jibu ni gigabaiti moja kamili. Mashine inayotumia amri hiyo peke yake haiwezi kuona chochote kilichopo baada ya gigabaiti ya kwanza, hata diski iwe kubwa kiasi gani. Amri iliyofuata, ya baiti 10, ina biti 32 za namba ya sekta na hufika terabaiti 2, lakini waliokuwa wakiandika programu ya sampla mwaka 1988 hawakuwa na sababu ya kuihangaikia.

La pili ni mfumo wa kupanga mafaili. Hapa kila kampuni ilikwenda njia yake. Akai S1000 na S3000 hugawa diski katika patisheni zinazopewa herufi A, B, C na kuendelea. Ndani ya patisheni nafasi huhesabiwa kwa mabloku ya kilobaiti 8, na patisheni moja haiwezi kuzidi mabloku 7,680. Hizo ni megabaiti 60. Ndani ya patisheni kuna voliyumu, zisizozidi 100, na ndani ya voliyumu ndimo zinamokaa programu (mipangilio ya kucheza) na sampuli (sauti zenyewe), kila moja ikiwa na jina la herufi 12. Wengine walichagua FAT16, mfumo wa kompyuta za DOS, ambao huhesabu mafungu ya sekta kwa namba ya biti 16: mafungu yasiyofika 65,536, kila moja kilobaiti 32 kwa ukubwa uliozoeleka, na hapo ndipo kikomo maarufu cha gigabaiti 2 kinapotoka.

La tatu ni mapenzi ya programu ya mashine yenyewe, na hili halina kanuni. Mhandisi aliamua kwamba orodha itakuwa na mistari kadhaa, au kwamba jumla ya diski haitavuka kiasi fulani, akaandika hivyo na kwenda nyumbani. Kwa S3000XL na ndugu zake jumla hiyo ni takriban megabaiti 510: patisheni nane za megabaiti 60 na ya tisa ya 30. Diski kubwa zaidi hukubaliwa, lakini ziada yake hulala bure. Mashine nyingine hazina adabu hiyo. Zikikutana na diski kubwa kuliko zilivyotarajia hupiga hesabu vibaya, namba hufurika na kuanza tena sifuri, na kuandika mwisho wa diski kukawa ni kuandika juu ya mwanzo wake. Hatari ya jambo hili ni kwamba halionekani siku ya kwanza. Kadi hufanya kazi vizuri hadi inapojaa kufikia kikomo, kisha hufuta orodha ya kila kitu kilichokuwemo.

Ukishajua kikomo cha mashine yako, ndipo swali la kugawa linapoanza, na hapo watu wengi huchanganya migawanyo miwili isiyohusiana. Mgawanyo wa kwanza hufanywa na adapta: kadi moja hukatwa kuwa diski pepe kadhaa, na kila moja hupewa anwani yake ya SCSI. Sampla haijui kama kuna kadi. Inaona diski mbili, nne au sita zilizounganishwa kwenye kebo yake. Mgawanyo wa pili hufanywa na sampla yenyewe inapofomati kila diski pepe na kuweka patisheni zake ndani. Ni kama shamba lililopimwa viwanja: mpimaji huweka mipaka ya viwanja, lakini vyumba vya nyumba ni amri ya mwenye kiwanja. Programu ya kompyuta ya kugawa diski haina nafasi katika kazi hizi mbili. Mtu anayeingiza kadi kwenye kompyuta na kuunda patisheni nane kwa programu ya Windows, akitumaini Akai itaziona kama A hadi H, amefanya kazi ambayo sampla haitaisoma kamwe.

Adapta zilizopo ni za namna mbili. SCSI2SD, iliyobuniwa na Michael McMaster wa Australia, huitumia kadi ikiwa mbichi: hakuna mafaili, kuna sekta tu, na kila diski pepe huelezwa kwa namba mbili, sekta inakoanzia na idadi ya sekta zake. Namba hizo huingizwa kwa programu yake ya kompyuta kupitia kebo ya USB, na hukaa kwenye adapta au kwenye kadi kutegemea toleo. Namna ya pili ni ya BlueSCSI na ZuluSCSI, adapta zilizoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hizi huacha kadi iwe na mfumo wa kawaida wa exFAT au FAT32, na kila diski pepe ni faili moja kubwa linaloonekana kwenye kompyuta kama faili jingine lolote. Jina la faili ndilo lenye maelekezo.

Kabla ya hizi kulikuwa na njia ya kuunganisha kadi ya CompactFlash kupitia kigeuzi cha SCSI kwenda IDE, njia nyingine ya kuunganisha diski. Bado inafanya kazi na wapo wanaoipenda kwa sababu kadi hubadilishwa haraka kutoka mbele ya mashine. Upungufu wake ni kwamba kigeuzi hakigawi: kadi nzima ni diski moja, na kadi ya gigabaiti 4 ndani ya S3000XL hutoa megabaiti 510 na kuzika zilizobaki.

Mfano wa hesabu utaweka jambo wazi. Tuseme S3000XL inahitaji diski pepe nne, kila moja ya megabaiti 510. Megabaiti moja ni sekta 2,048, kwa hiyo diski moja ni sekta 1,044,480. Kwenye SCSI2SD, diski ya kwanza huanzia sekta 0, ya pili sekta 1,044,480, ya tatu sekta 2,088,960, na ya nne sekta 3,133,440. Zote nne zinaishia kabla ya sekta 4,177,920, ambazo ni baiti 2,139,095,040. Hapo pana mtego mdogo unaokamata wengi: kadi iliyoandikwa 2 GB hubeba takriban baiti bilioni mbili, kwa sababu watengenezaji wa kadi huhesabu kwa elfu na si kwa 1,024. Diski ya nne itaning'inia nje ya kadi. Inafaa kadi ya gigabaiti 4, na nafasi itakayobaki iachwe ilivyo.

Kosa baya zaidi katika hesabu hii ni kufanya diski mbili zipandiane. Ikiwa ya pili imeanzishwa sekta 1,000,000 kwa sababu namba hiyo ni rahisi kukumbuka, mwisho wa diski ya kwanza na mwanzo wa ya pili ni mahali pamoja. Kila moja itafomatika bila lalamiko, kila moja itahifadhi sauti, na siku patisheni ya mwisho ya diski ya kwanza itakapoanza kujaa, orodha ya diski ya pili itafutwa. Programu ya SCSI2SD ina kisanduku cha kuipangia yenyewe sekta za kuanzia. Kitumike. Hakuna heshima ya ziada kwa kuandika namba kwa mkono.

Katika dirisha hilohilo kuna chaguo kadhaa ambazo mtumiaji wa sampla anapaswa kuzitazama. Ukubwa wa sekta ubaki 512. Kama mashine ni ya zamani sana, chaguo la SCSI-2 lizimwe, kwa sababu baadhi ya mashine za kizazi cha kwanza huchanganyikiwa zikijibiwa kwa lugha ya kizazi cha pili. Ukaguzi wa pariti, yaani biti ya ziada ya kugundua makosa, nao huzimwa pale sampla isipotuma pariti. Muda wa kusubiri baada ya kuwashwa huongezwa pale sampla inapotafuta diski mapema kuliko adapta inavyoweza kuamka. Abadilishaye chaguo tatu kwa mpigo hatajua lipi lilimsaidia; ni moja, kisha jaribio, kisha jingine.

Kwa BlueSCSI mfano uleule huwa wa mafaili manne ya baiti 534,773,760 kila moja, yaani megabaiti 510. Faili la diski ya kwanza huitwa HD00_512.hda: HD ni diski ngumu, 0 ya kwanza ni anwani ya SCSI, 0 ya pili ni namba ya kitengo ndani ya anwani hiyo, na 512 ni ukubwa wa sekta. Yanayofuata ni HD10_512.hda, HD20_512.hda na HD30_512.hda. Faili likianza na CD, adapta hujifanya kisomeo cha CD-ROM, chenye sekta za baiti 2,048, na kwa njia hiyo maktaba za sauti zilizouzwa kwa CD za Akai au E-mu husomwa bila kisomeo chenyewe. Mafaili haya yanakiliwe kwenye kadi iliyofomatiwa upya, moja baada ya jingine, ili kila moja likae mfululizo. Kadi iliyotumika kwa mambo mengine hutawanya faili katika vipande na adapta hupunguza mwendo ikivitafuta.

Kati ya namna hizi mbili, ya mafaili ndiyo inayofaa watu wengi. Mipaka haiwezi kupandiana, nakala huchukuliwa kwa kuburuta faili, na seti ya diski hubadilishwa kwa kubadili majina. Namna ya sekta mbichi ina sifa moja ambayo haijapitwa: hakuna mfumo wa mafaili kati ya sampla na kadi, na kadi hutumika mfululizo tangu mwanzo. Lakini ina hatari yake nyumbani. Kadi hiyo ikiingizwa kwenye kompyuta, Windows huiona haina mfumo unaoufahamu na kuuliza kama iifomati. Anayebonyeza ndiyo hupoteza kila kitu kabla ya kusoma swali mara ya pili. Kila kadi ya namna hii ibandikwe karatasi yenye onyo, hata kama mwenyewe ndiye mtumiaji pekee.

Anwani za SCSI ni nane, 0 hadi 7, na sampla yenyewe huchukua moja, aghalabu 6 au 7. Zilizobaki ni za diski, na hakuna anwani inayoruhusiwa kushikwa na wawili. SCSI2SD ya toleo la 5 hutoa diski nne. BlueSCSI na ZuluSCSI huweza kujaza anwani zote saba. Kinadharia kila anwani inaweza kuwa na vitengo nane ndani yake, ila sampla nyingi hutazama kitengo 0 tu, hivyo kutegemea vitengo vingine ni kupoteza muda.

Ncha mbili za mnyororo wa SCSI lazima zifungwe kwa tamineta, yaani vipinga vinavyozuia mawimbi ya umeme kurudi nyuma kwenye kebo. Adapta ikiwa ndiyo kifaa pekee kwenye ncha, tamineta yake iwashwe. Ikiwa katikati, izimwe. Tamineta zikikosekana, dalili zake hufanana kabisa na za kadi mbovu: diski huonekana leo na kesho haionekani, faili dogo huhifadhika na kubwa hukwama. Nao umeme wa kuilisha adapta mara nyingi hutegemewa kutoka kwenye pini ya 26 ya kebo ya pini 50. Si sampla zote zinazoutoa. Adapta isipowaka taa, ilishwe kwa USB au kwa plagi ya umeme iliyokuwa ya diski ya zamani.

Akai imechukua nafasi kubwa hapa kwa sababu vikomo vyake ni vikali, na kwa sababu mashine zake zilienea kuliko nyingine. MPC2000XL, nayo ya Akai, ni rahisi zaidi: hutumia FAT16, na diski pepe isiyozidi gigabaiti 2, au sekta 4,194,304, hutosha. Kubaki chini kidogo ya hapo, tuseme gigabaiti 1, ni busara, kwa kuwa mafungu ya FAT16 hukua diski inapokua, na sampuli ya ngoma ya kilobaiti 9 ndani ya fungu la kilobaiti 32 hutupa nafasi na kupunguza mwendo wa kuorodhesha. K2000 nayo huelewa FAT16 kwenye matoleo yake ya baadaye na kikomo chake ni hichohicho cha gigabaiti 2. Ensoniq haina patisheni kabisa. Diski nzima ni nafasi moja ya folda, na kila folda hupokea vitu chini ya 40, hivyo diski kubwa hugeuka msitu wa folda ndani ya folda. Mwenye ASR-10 hufaidika zaidi kwa kukata diski pepe ndogo nyingi kuliko kuijenga moja kubwa anayoweza kupotelea ndani yake. E-mu za msururu wa Emulator IV zina mfumo wake tena, na hupokea diski kubwa zaidi bila matata.

Kufomati kufanyike kwenye sampla, si kwenye kompyuta, hata pale mfumo ni FAT16 ambao kompyuta inaujua. Baadhi ya mashine huandika FAT tangu sekta ya kwanza kabisa, bila jedwali la patisheni ambalo Windows huliweka mwanzoni, na zikilikuta hushindwa kupaona mahali mfumo unapoanzia. Kadi ikifomatiwa na mashine itakayoitumia, swali hilo halizuki. Kwenye S3000XL ukurasa wa kufomati huuliza ukubwa wa patisheni, uwekwe 60. Ukaguzi wa mabloku mabovu hauna maana kwenye kadi, kwa sababu kadi hujikagua na kujirekebisha yenyewe ndani. Baada ya kufomati hifadhi sauti moja kwenye patisheni ya kwanza na moja kwenye ya mwisho, zima mashine, iwashe, kisha uzipakie zote mbili. Patisheni ya mwisho ndiyo shahidi mkuu, maana kikomo kilichovukwa huonekana huko.

Mwanamuziki wa leo, aliyezoea terabaiti, huona megabaiti 60 kuwa kejeli. Hesabu inasema vingine. Megabaiti 60 ni takriban dakika 12 za sauti ya chaneli moja kwa ubora wa CD, na sampla yenye RAM ya megabaiti 32 haiwezi kupakia zaidi ya nusu yake na kidogo kwa mara moja. Patisheni moja hutosha ngoma zote za mradi mzima. Tisa zake ni dakika zaidi ya 100 za sauti fupifupi, ambazo ni maelfu ya mipigo. Ugawaji unaofaa kazi ni ule unaofuata matumizi: diski ya anwani 0 kwa kazi inayoendelea, ya 1 kwa ngoma na midundo, ya 2 kwa besi na ala, ya 3 kwa nakala za maktaba zisizoguswa. Skrini ndogo ya mistari michache haina kitafutio. Jina lenye herufi 12 na patisheni yenye kusudi moja ndivyo vinavyomfikisha mtu kwenye sauti anayoitaka. Kikomo kilichowekwa mwaka 1988 kwa sababu ya uhaba kinabaki kuwa mpangilio mzuri wa ghala la sauti.

Kuhusu kadi yenyewe, kasi iliyoandikwa juu yake haina maana. SCSI ya kwanza ilikuwa na ukomo wa megabaiti 5 kwa sekunde, na sampla nyingi hazikufika hapo. Kadi ya kawaida huzidi kasi hiyo bila juhudi. Kuchakaa pia si tatizo kubwa, kwani sampla husoma mara nyingi na kuandika mara chache, tofauti na simu inayoandika usiku kucha. Pesa iende kwenye uhalisi wa kadi. Kadi bandia zilizoandikwa gigabaiti 32 na kubeba 4 ni nyingi madukani, na huwa na tabia ileile ya kufurika: hupokea data zote na kurudisha uongo. Programu za bure kama H2testw na f3 huijaza kadi na kuisoma upya, na hufichua udanganyifu huo kabla sauti hazijawekwa.

Diski ya zamani ikiwa bado inazunguka, isitupwe kabla ya kuhamishwa. Njia salama zaidi kwa data ni kuchukua taswira ya diski nzima, sekta kwa sekta. Kompyuta yenye kadi ya SCSI hufanya hivyo kwa amri ya dd, na ZuluSCSI na BlueSCSI za matoleo yanayoruhusu huweza kuisoma diski moja kwa moja na kuandika faili lake kwenye SD bila kompyuta. Taswira hiyo hupewa jina linalofaa na kuwa diski pepe papo hapo, pamoja na patisheni zake, voliyumu zake na majina yake yote. Diski ya megabaiti 100 itaendelea kujiona ni ya megabaiti 100, na hilo ni jema: sampla ilishaizoea. Pasipo vifaa hivyo, diski ya zamani na adapta huunganishwa pamoja kwa anwani tofauti, na sampla hupakia voliyumu moja moja na kuihifadhi upande wa pili. Ni kazi ya saa nyingi, na diski iliyochoka inaweza kufa katikati, kwa hiyo sauti zisizo na nakala popote ndizo zianze.

Mafaili ya taswira yana manufaa mengine ambayo diski haikuwahi kuwa nayo. Programu ya akaiutil husoma taswira ya diski ya Akai kwenye kompyuta, hutoa sampuli kama WAV na kuingiza mpya. EMXP hufanya kazi inayofanana kwa E-mu, na EpsLin kwa Ensoniq. Sauti hutayarishwa kwenye kompyuta jioni na kupigwa kwenye mashine ya mwaka 1990 asubuhi, bila flopi hata moja.

Mifumo ya sampla hizi haina kinga yoyote dhidi ya umeme kukatika katikati ya kuandika. Hakuna kumbukumbu ya marekebisho wala kikapu cha taka. Orodha ikiandikwa nusu, patisheni nzima inaweza kutosomeka. Kwa hiyo kadi ikishagawanywa, kufomatiwa na kujazwa, itolewe, inakiliwe nzima kwenye kompyuta, na nakala hiyo iandikwe kwenye kadi ya pili na kujaribiwa ndani ya sampla. Kadi mbili za gigabaiti 4 ni bei ndogo kwa kazi ya miaka, na diski ya zamani isiondoke nyumbani hadi kadi ya pili ipakie sauti bila kosa.